Kushuka Ndiko Kwenye Kazi

Sakafu ya karakana ya viungo bandia huwa bapa. Mgonjwa anavalishwa kifaa chake kipya cha mguu, anasimamishwa kati ya mihimili miwili ya kushikilia, anaenda na kurudi mara kadhaa huku fundi akilitazama goti na kisigino. Mkanda unakazwa, ukingo wa plastiki unaogusa mfupa unapunguzwa, ndugu waliomsindikiza wanapiga makofi. Kisha anarudi nyumbani. Nyumbani ni Mwanza, ambako nyumba zimepanda juu ya majabali na njia ya kuzifikia ni vipandio vya mawe na saruji visivyolingana kimo. Au ni Lushoto, au Bukavu, ambako kwenda sokoni ni kuteremka na kurudi ni kupanda. Au ni Mji Mkongwe wa Unguja, ambako ngazi ya mbao inayoelekea ghorofani imesimama karibu wima.

Hapo ndipo kifaa kinapojaribiwa, na mara nyingi mwenye kukivaa hajafundishwa lolote kuhusu ngazi. Amefundishwa kutembea. Ngazi na milima anaachiwa mwenyewe na wanawe.

Watu wengi hudhani kupanda ndiko kugumu, kwa kuwa kupanda kunachosha. Kwa mtu mwenye kifaa cha mguu, kupanda kunachosha na kushuka kunaangusha. Anayepanda akikosea, ana vipandio mbele ya kifua chake vya kushika. Anayeshuka akikosea, mbele yake kuna hewa tupu.

Vifaa hivi ni vya aina nyingi, lakini viwili ndivyo vinavyoonekana zaidi mitaani. Kifupi huanzia chini ya vidole, hupita nyuma ya kisigino na kuishia chini kidogo ya goti. Siku hizi kwa kawaida ni cha plastiki, huvaliwa juu ya soksi na kuingizwa ndani ya kiatu. Kirefu huendelea hadi kwenye paja, kikiwa na vyuma viwili pembeni na bawaba kwenye goti. Wazee waliougua polio utotoni ndio waliozoeleka zaidi wakiwa na hicho kirefu, na watu husema tu kwamba fulani anavaa vyuma. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imetokomeza polio ya virusi vya asili, lakini miguu iliyopooza kabla ya hapo bado inatembea na bado inahitaji vyuma. Pamoja nayo wapo waliopata kiharusi na wayo ukabaki unaning'inia, watoto wenye mtindio wa ubongo au waliozaliwa na mgongo wazi, watu walioumia mishipa ya fahamu katika ajali za pikipiki, na wale ambao mguu ulilegea baada ya sindano kudungwa vibaya kwenye kalio. Jambo hili la mwisho madaktari wa Uganda wamelipigia kelele kwa miaka mingi.

Ukanda huu una mafundi wake. Chuo cha TATCOT, kilicho katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilianza mwaka 1981 na kimefundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nchini Rwanda, kituo cha Gatagara kilianzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana, na mpaka leo kinahudumia watu wenye ulemavu katika nchi ambayo sehemu bapa ni ya kutafuta. Kazi yenyewe haina muujiza. Mguu huzungushiwa bendeji za plasta ili kupata umbo lake, umbo hilo hujazwa plasta na kugeuka mfano wa mguu, kisha bamba la polipropilini lililolainishwa ndani ya tanuri hulazwa juu ya mfano huo na kubanwa mpaka lipoe. Kinachotoka ni ganda gumu lenye sura ya mguu wa mtu mmoja tu. Kumwazima jirani ganda hilo ni sawa na kumwazima meno ya bandia.

Ugumu huo ndio dawa, na ndio tatizo.

Mtu mwenye kifundo cha mguu kizima anapotembea sakafuni, muundi wake huinama mbele juu ya wayo kwa takriban nyuzi 10. Anaposhuka ngazi, mguu uliobaki kwenye kipandio cha juu hulazimika kuinama zaidi ya nyuzi 20, kisigino kikinyanyuka taratibu, ili mwili ushushwe badala ya kuporomoka. Kifaa kigumu hakiruhusu hata nyuzi hizo 10. Kimetengenezwa kuuzuia wayo usining'inie na kifundo kisigeuke upande, nacho hakijui kama mwenyewe yuko ukumbini au yuko kwenye ngazi. Anayejaribu kushuka kwa mtindo wa kawaida, mguu huu kipandio hiki na ule kipandio kinachofuata, hufika mahali ambapo muundi unakataa kuinama. Kisigino kinang'oka ghafla na mwili mzima unarushwa mbele.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa fiziotherapia huanza na kanuni moja wanayoifundisha karibu kila mahali: kupanda, mguu wenye nguvu unatangulia, kushuka, mguu wenye kifaa unatangulia. Miguu yote miwili hukutana kwenye kipandio kimoja kabla ya kuendelea. Maelezo yake ni mepesi. Katika kupanda, kazi nzito ni ya mguu uliotangulia, kwa kuwa ndio unaouinua mwili. Katika kushuka, kazi nzito ni ya mguu uliobaki nyuma, kwa kuwa ndio unaokunja goti na kuuteremsha mwili polepole. Ukiangalia vizuri utaona kwamba katika hali zote mbili mguu mzima ndio unaofanya kazi, na ule wa kifaa unapewa nafasi ya kupokea tu.

Mkongojo huenda pamoja na mguu wa kifaa, kupanda na kushuka. Mwenye mkongojo mmoja huushika kwa mkono wa upande wa mguu mzima, jambo linalowashangaza wengi, kwa sababu silika inamwambia mtu aegemee upande unaouma. Lakini ngazi zikiwa na kishikio, kishikio kinapewa kipaumbele: mkono mmoja unashika kishikio, na mkongojo au magongo yote mawili yanahamia mkono wa pili. Chuma kilichofungwa ukutani hakitelezi. Gongo lililokwisha mpira wake wa chini hutelezea hata kwenye vumbi.

Wayo nao una mahali pake. Katika kupanda, wayo wote wa kifaa, kisigino pamoja, ukae juu ya kipandio. Ukikanyagia vidole peke yake, ganda linageuka wenzo na kuusukuma muundi nyuma. Katika kushuka, baadhi ya wataalamu humfundisha mtu mwenye kifaa kifupi kuuweka wayo wake ili sehemu ya mbele ya kiatu ichungulie nje ya ukingo wa kipandio. Kiatu kinabingirika kidogo kwenye ukingo huo, na muundi unapata mwinamo ambao kifundo kimenyimwa. Ni mbinu nzuri, ila hujifunzwa na mtaalamu akiwa pembeni na kishikio kikiwa mkononi. Haifai kujaribiwa peke yako usiku umeme ukiwa umekatika. Vipandio vikiwa vyembamba, kama vile vya nyumba nyingi za zamani za pwani, wayo huwekwa mshazari, mwili ukielekea kidogo upande wa kishikio.

Kuna ngazi ambazo hazistahili heshima ya kushukwa kwa kusimama. Ngazi ya mbao iliyo karibu wima hushukwa kinyumenyume, uso ukielekea vipandio, mikono yote ikishika. Baadhi ya watu wanaovaa vyuma virefu miguu yote miwili hushuka hivyo hata kwenye ngazi za kawaida. Na pasipo na kishikio wala msaidizi, kukaa kitako na kushuka kipandio kimoja kimoja ni njia halali kabisa. Wanaume wengi hawaipendi kwa kuona haya mbele ya watoto. Lakini kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kila mwaka duniani, na katika vifo vya ajali zisizokusudiwa kunatanguliwa na ajali za barabarani peke yake. Mbele ya hesabu hiyo, aibu hiyo ni gharama ndogo.

Kifaa kirefu kina jambo lake la ziada, nalo ni kufuli ya goti. Aina ya kawaida zaidi ni pete ya chuma inayoteremka na kuifunika bawaba mguu unaponyooshwa. Goti linabaki limenyooka mpaka mwenyewe aivute pete juu ili akae. Aina nyingine ina upinde wa chuma nyuma ya goti, unaofunguka ukisukumwa, ili mtu aufungue kwa kuugandamiza kwenye ukingo wa kiti. Ni rahisi kwa mwenye mikono dhaifu, lakini upinde huo haubagui ukingo wa kiti na ukingo wa kipandio. Ukigongwa kwa nyuma mtu akiwa katikati ya ngazi, goti linafunguka bila taarifa.

Franklin Roosevelt, rais wa Marekani tangu 1933 hadi alipofariki mwaka 1945, aliijua hatari ya kufuli kuliko mtu yeyote maarufu wa zama zake. Alipooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39. Madaktari wakasema ni polio. Tangu hapo hakuweza kusimama bila vyuma vya miguu yote miwili, magoti yakiwa yamefungwa. Alijifunza kutembea mbele ya watu kwa mkongojo mkono mmoja na mkono wa pili ukiwa umeng'ang'ania mkono wa mwanawe, akiitupa miguu mbele kwa nguvu ya kiuno, huku akitabasamu ili watu watazame uso. Usiku wa tarehe 27 Juni 1936, katika uwanja wa Franklin Field mjini Philadelphia, alikuwa akielekea jukwaani kukubali kugombea tena urais, mbele ya umati wa watu wapatao 100,000. Njiani akamwona mshairi mzee Edwin Markham, akanyoosha mkono amsalimie. Uzito ukahama, kufuli ya chuma kimoja ikaachia, rais akaanguka, na kurasa za hotuba zikatawanyika. Walinzi wakamwinua, wakaifunga kufuli, wakamfuta vumbi. Akapanda akahutubia.

Sababu ya kuanguka kwake inatuhusu kuliko hotuba. Alikuwa akitembea vizuri mpaka aliponyoosha mkono pembeni kutoa salamu. Kwetu salamu ni jambo la lazima, na ngazini watu hupishana: mtoto anatoa shikamoo, jirani anauliza habari za nyumbani, mtu anataka kugeuka ajibu kwa adabu. Mwenye vyuma na asimame kwanza, miguu yote miwili kwenye kipandio kimoja, mkono kwenye kishikio, ndipo aitike marahaba. Hakuna mwenye akili atakayemwona mkosefu wa adabu. Na kabla ya kipandio cha kwanza, kila mara, aiguse pete ya kufuli kwa vidole kuhakikisha imeshuka yote. Mchanga wa pwani na nyuzi za nguo huizuia pete isifike chini, nayo kwa macho huonekana imeshuka.

Roosevelt mwenyewe hakuyapenda yale machuma. Tarehe 1 Machi 1945, wiki chache kabla ya kufariki, alilihutubia Bunge la nchi yake akiwa ameketi, na akaomba radhi kwa kuketi: alieleza kwamba ni nafuu kwake kutobeba ratili 10 za chuma kwenye miguu, yaani kama kilo 4 na nusu. Vifaa vya plastiki vya leo ni vyepesi zaidi, na uzito unaopungua mguuni ni nguvu inayobaki kwa ajili ya mlima.

Mlima una hila ambayo ngazi haina. Kipandio ni bapa. Mteremko hauna mahali popote palipo bapa. Mtu wa kawaida akishuka mteremko, kisigino kikigusa chini, wayo hulala polepole na kuifuata ardhi. Wayo uliofungwa ndani ya ganda gumu hauwezi kulala peke yake. Ili ulale, lazima muundi usukumwe mbele pamoja nao, na goti linakunjika kwa ghafla. Mwenye paja lenye nguvu huzuia mkunjo huo bila kufikiri. Mwenye paja dhaifu hujikuta amepiga magoti. Katika kupanda mambo yanageuka: ardhi iliyoinuka mbele inausukuma muundi nyuma, goti linalazimishwa kujipinda kinyumenyume, na baada ya miezi mtu anaanza kulalamika maumivu nyuma ya goti bila kujua kwamba yanatokana na kilima cha kwenda kisimani.

Dawa ya kwanza ni hatua fupi. Hatua ikiwa fupi, kisigino hakitui mbali mbele ya mwili, na ule msukumo unapungua. Katika kupanda, kiwiliwili huinama mbele kidogo kutoka nyongani. Katika kushuka, mwili husimama wima, bila kuegemea nyuma sana, kwa kuwa anayeegemea nyuma huteleza kwa kisigino. Pale penye mteremko mkali, mguu wa kifaa hutangulia kushuka na mzima kuufuata, sawasawa na kwenye ngazi.

Dawa ya pili ni kuukata mlima kwa mshazari. Wenyeji wa milimani wanaijua njia ya kupindapinda tangu zamani, kwani punda na wabeba mizigo hawapandi moja kwa moja. Kwa mwenye kifaa kirefu chenye goti lililofungwa kuna swali la ziada: mguu upi uwe upande wa chini? Goti lililofungwa haliwezi kukunjwa ili kuufupisha mguu, kwa hiyo mguu huo hukaa upande wa bondeni, palipo na nafasi ya urefu wake, na mguu mzima hukaa upande wa mlimani ukikunja goti. Njia ikigeuka na mguu wa vyuma ukaja upande wa juu, mtu afupishe hatua, au ageuke ubavu na kupanda pembepembe kama kaa mpaka apate pa kupumzika.

Fundi naye ana la kufanya, na watu wengi hawajui kwamba wanaweza kumwomba. Kisigino cha kiatu kikitiwa sponji laini kinabonyea kinapogusa chini, na goti halisukumwi kwa nguvu ileile. Soli ikitengenezwa na mbinuko mbele ya vidole, mguu unabingirika badala ya kugota. Kwa mtu mwenye paja lenye nguvu ya kutosha, ganda linaweza kuwekewa bawaba kwenye kifundo, muundi ukaachiwa kuinama mbele huku wayo ukizuiwa kuning'inia; mtu huyo atapanda na kushuka kwa raha kubwa zaidi. Lakini bawaba hiyohiyo kwa mwenye paja dhaifu ni hatari, kwa sababu ugumu wa kifundo ndio uliokuwa ukimshikia goti. Kwa hiyo fundi akikataa kukuwekea bawaba kama ya mwenzako, si lazima awe amekubania.

Nchi tajiri zimefika mbali zaidi. Kampuni ya Ottobock ya Ujerumani, iliyoanzishwa mjini Berlin mwaka 1919, inatengeneza kifaa kirefu kiitwacho C-Brace chenye vihisio na kompyuta ndogo inayotawala mafuta ndani ya bawaba ya goti. Mwenye kukivaa anaweza kushuka ngazi mguu kwa mguu huku goti likikunjika polepole chini ya uzito wake. Bei yake ni ya kununulia gari. Kwa msomaji wa Igogo mjini Mwanza au Kibosho karibu na Moshi, kishikio cha bomba kitaleta nafuu mapema zaidi.

Kuhusu viatu, mambo mengi husemwa na machache husikika. Kifaa kifupi hutengenezwa kwa kufuata kimo cha kisigino cha kiatu fulani. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, kifaa chote kinainama mbele na goti linakunjika. Ukivaa kiatu bapa, kinaegemea nyuma na goti linasukumwa nyuma. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuharibu mwendo, na ngazini inatosha kumwangusha mtu. Kandambili hazifai kabisa, kwa kuwa hazishiki kisigino. Kiatu kinachofaa kina kamba au mkanda, nyuma kimefungwa, soli ina mikwaruzo, na soli ya ndani inang'oka ili kupisha unene wa plastiki. Wauzaji wa mitumba wanavyo vingi vya namna hiyo; mtu aende na kifaa chake, si na kipimo cha karatasi.

Kisha kuna kuvua viatu. Msikitini viatu vinabaki mlangoni, na katika nyumba nyingi za pwani pia. Mwenye kifaa cha plastiki akivua kiatu anabaki amesimama juu ya ganda linaloteleza, lililoegemea nyuma kwa kukosa kisigino, mara nyingi karibu na mahali pa kutawadhia penye maji, na mara nyingi kuna vipandio viwili vitatu vya kuingilia. Mafundi wa huku wana majibu mawili: kubandika mpira wenye mikwaruzo chini ya ganda, pamoja na kipande cha kuinua kisigino kufikia kimo cha kiatu, au kuwa na jozi ya pili safi ya viatu, vinavyovaliwa ndani tu. Imamu au mwenye nyumba akielezwa kwa upole, ni nadra kukataa viatu ambavyo havijakanyaga nje.

Msaidizi anaweza kuokoa na anaweza kuangusha. Picha inayoonekana kila siku ni mjukuu aliye juu ya ngazi akimvuta bibi yake kwa mkono: "Njoo bibi, nakushika." Mkono ukivutwa, bibi anapoteza mhimili na hawezi tena kushika kishikio. Msaidizi hukaa upande wa chini: nyuma kidogo na pembeni bibi anapopanda, mbele yake kipandio kimoja chini anaposhuka, upande wa mguu wa kifaa. Hashiki mkono. Anashika mkanda au khanga iliyofungwa imara kiunoni, na anaacha mwendo uwe wa bibi. Na bibi akianza kuanguka, magongo yatupwe mbali, mwili uelekezwe upande wa vipandio vya juu au ukutani.

Masika hubadilisha kila kitu. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa huwa utelezi mtupu, na mpira wa gongo uliojaa tope haushiki. Heri kuahirisha safari, au kupita kwenye majani badala ya njia iliyokanyagwa. Tope likiingia ndani ya kifaa, kioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa kivulini. Jua kali na moto wa jiko hupinda plastiki. Skrubu za bawaba zikaguliwe kila wiki, kwani mlima huzilegeza kuliko sakafu. Jioni, kifaa kikivuliwa, ngozi itazamwe kwa mwanga: wekundu unaofifia ndani ya nusu saa ni wa kawaida, usiofifia, au malengelenge, maana yake kifaa kinabana na kinapaswa kurudishwa kwa fundi. Kwa wale ambao mguu hauhisi maumivu, macho ndiyo mlinzi pekee. Mguu unaoumwa hukanyaga kwa woga, na woga ngazini ni nusu ya kuanguka.

Inabaki habari ya majengo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya mwaka 2010, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2003. Zote zinataka majengo ya umma yafikike. Wajenzi wengi wameitafsiri amri hiyo kuwa ni kumwaga zege la mteremko pembeni mwa ngazi na kumaliza. Kipimo kinachotambulika kimataifa ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kibaraza chenye vipandio vitatu vya sentimita 17 kina kimo cha sentimita 51, kwa hiyo mteremko wake unadai zaidi ya mita 6. Ipimwe miteremko iliyopo mbele ya benki na ofisi za mitaa yetu, itaonekana mingi haifiki hata nusu ya hapo. Hiyo si miteremko ya kiti mwendo wala ya mwenye vyuma.

Tena mteremko, hata uliojengwa vizuri, si zawadi kwa kila mtu. Mwenye kiti mwendo anauhitaji. Mwenye kifundo kilichofungwa mara nyingi huona nafuu kwenye vipandio vifupi vilivyo sawa na vyenye kishikio kuliko kwenye mteremko mrefu unaomkunja goti kila hatua. Jengo linalowajali wote lina vyote viwili, na ngazi zake hazifichwi nyuma. Viwango vya Marekani vinataka kipandio kisizidi sentimita 18 kwa kimo na kisipungue sentimita 28 kwa upana, kishikio kiwe kati ya sentimita 86 na 96 kutoka kwenye kipandio, na kiendelee mbele kidogo baada ya kipandio cha mwisho, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hudhani ngazi zimekwisha kumbe bado. Vipimo hivyo havihitaji teknolojia. Vinahitaji fundi mwashi mwenye futi na mwenye nyumba anayemwambia avifuate, hasa kile cha usawa: kipandio kimoja kirefu kuliko vingine ndicho mguu wa kifaa unachojikwaa.

Kwa anayengojea kifaa chake wiki hii, au anayempeleka mzazi kuchukua cha kwake: kabla ya kuondoka, mwombeni fundi au mtaalamu wa fiziotherapia atoke na mvaaji nje ya karakana hadi kwenye ngazi za hospitali, mvaaji apande na ashuke mbele ya macho yake, akiwa na viatu atakavyovaa nyumbani. Mwelezeni pia nyumbani kukoje: vipandio vingapi, kishikio upande gani, mlima mkali kiasi gani. Na mwenye nyumba ya kupangisha yenye ngazi zisizo na kishikio, bomba na mfuko wa saruji vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu nawe. Weka pande zote mbili, maana hujui mpangaji wako atakuwa na nguvu mkono upi.